Namna ya kukagua chapa ya shilingi ya simba

Chukua shilingi ya Afrika Mashariki ya 1922, ile yenye simba na milima nyuma yake. Usiisafishe kwanza; ukiisugua umefuta ushahidi. Ishike kingoni, iinamishe chini ya taa moja, uizungushe polepole.

Mimi huanza na manyoya ya shingoni mwa simba. Muhuri, yaani chuma kinachogonga picha kwenye sarafu, ukigonga sawasawa, nywele huonekana mojamoja. Zikififia, usikimbilie kusema imechakaa. Palipochakaa huwa laini, pamepoteza mng'ao na kubadilika rangi. Palipogongwa kwa udhaifu mng'ao bado upo, hata mikwaruzo midogo iliyokuwepo kwenye madini kabla ya kugongwa. Geuza, kagua taji la Mfalme George V, kisha herufi. Kwangu mimi, manyoya makali yanashinda weupe wa sarafu.