Soketi mpya haitoi umeme: namna ya kutafuta kosa

Soketi nyingi zinazogoma baada ya kubadilishwa huwa ni nzima, na kosa liko katika namna nyaya zilivyorudishwa. Kwa hiyo, kabla hujarudi dukani kudai kwamba umeuziwa mbovu, fuata utaratibu huu.

Kwanza, zima meni swichi. Kuzima swichi ya soketi hakutoshi, kwa kuwa skrubu za nyuma hubaki na volti 230. Kabla ya kugusa chochote, pima kwa testa uliyokwisha kuijaribu mahali penye umeme.

Pili, soma alama zilizo nyuma: L ni moto, waya unaoleta umeme (mwekundu katika nyumba za zamani, wa kahawia katika mpya), N ni nyutro, waya wa kuurudisha (mweusi au wa buluu), E ni ethi, waya wa usalama (kijani na njano). Usikariri upande, maana kilichokuwa kulia kwa mbele huwa kushoto ukiigeuza soketi.

Tatu, na hapa usiwe na haraka, hesabu nyaya. Zikiwa mbili kwa kila rangi, jozi moja huleta umeme na nyingine kwa kawaida huupeleka soketi inayofuata, hivyo zile mbili za rangi moja zibanwe pamoja chini ya skrubu moja. Nyutro ikichomoka, testa itaendelea kuwaka kwenye moto ilhali hakuna kifaa kinachofanya kazi; tena, kama kuna kifaa kilichochomekwa na kuwashwa, testa huweza kuwaka hata kwenye nyutro, jambo linalowafanya wengi waamini kwamba umeme upo.

Nne, hakikisha skrubu imebana shaba tupu na si plastiki ya waya, kisha vuta kila waya taratibu. Kwetu Mikindani, na pwani yote hadi Kilwa, hewa ya chumvi huotesha kutu ya kijani. Kata ncha hiyo, menya upya.

Maswali ya wanachama

*Ligula:* Shikamoo fundi. Soketi ya sebuleni niliyobadilisha inafanya kazi, lakini ya chumbani imekufa ingawa testa inawaka. Je, breka imeungua?

*Jibu:* Marahaba. Breka ingekata moto, na testa isingewaka. Zima meni, ufungue tena ile ya sebuleni. Yaelekea nyutro ya kwenda chumbani haikubanwa.

*Masasi:* Boksi langu halina waya wa ethi. Naweza kuunganisha E na N?

*Jibu:* Usithubutu, ndugu yangu. Siku nyutro itakapokatika, chuma cha nje cha friji kitakuwa na umeme. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) avute ethi.

*Nachingwea:* Soketi mpya inapata joto nikipiga pasi.

*Jibu:* Pasi ya wati 2000 huvuta karibu ampea 9, kiasi ambacho soketi ya ampea 13 hukimudu, kwa hiyo shuku kwanza skrubu iliyolegea. Acha kuitumia, zima meni, ukaze. Na kama plastiki imekwisha kubadilika rangi, nunua nyingine na ukate ncha za waya zilizoungua.