Kuuza au kurudisha taimsheya usiyoitumia: mwongozo kwa walio Nakuru, Kisumu na magharibi mwa Kenya

Kabla ya kumtafuta mnunuzi wa taimsheya yako, yaani haki uliyonunua ya kulala hotelini muda fulani kila mwaka, toa mkataba kwenye faili uangalie tarehe mbili: siku uliyotia sahihi, na siku uliyokabidhiwa nakala yako ya maandishi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inaitaja taimsheya waziwazi. Inampa mnunuzi siku 10 tangu apokee nakala hiyo kuufuta mkataba bila kutoa sababu yoyote. Kwa hiyo kama ulitia sahihi Jumamosi katika hoteli moja mjini Nakuru, baada ya kupigiwa simu kwamba umeshinda malazi ya siku mbili, na leo ni Jumatano, mengine yote hapa chini yaache kwanza. Andika barua leo hii:

"Mimi (jina), mwenye kitambulisho nambari (…), nilitia sahihi mkataba nambari (…) tarehe (…) na kupokea nakala yake tarehe (…). Naufuta mkataba huo kuanzia leo kwa mujibu wa Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Nirudishieni shilingi (…) nilizolipa kwa risiti nambari (…). Majibu yote yaje kwa maandishi."

Itume kwa barua pepe, kisha upeleke nakala ya karatasi, ama kwa mkono ama kwa rejista ya Posta. Ukiipeleka mwenyewe, nenda na nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Simu haitoshi. Kosa linalowaponza wengi ni kuambiwa "ngoja meneja arudi Jumatatu", na Jumatatu ikifika siku 10 zimekwisha. Lingine ni kutia sahihi karatasi inayoitwa marekebisho, kumbe ni mkataba mpya wa pesa nyingi zaidi.

Ikiwa hukupewa nakala kamili, au uliingizwa kwenye mkataba kwa maelezo ya uongo, sheria hiyo inakuachia hadi mwaka mmoja tangu siku ya mkataba kuukana. Hapo utahitaji ushahidi: jumbe za WhatsApp za muuzaji, vipeperushi, jina la aliyekuahidi. Vihifadhi kabla hajavifuta.

Muda ukiwa umepita, jua kwanza unachomiliki. Wengine wana hati ya ukodishaji wa nyumba iliyosajiliwa ofisi ya ardhi. Wengi wana uanachama tu, yaani haki ya kulala wiki moja kwa mwaka hadi mwaka fulani. Angalia kama wiki yako ina nambari (1 hadi 52), ni ya kuelea (haina tarehe maalumu), au ni pointi (unazibadilisha kwa siku za kulala). Tafuta mwaka wa mwisho wa mkataba, ada ya matunzo ya mwaka, masharti ya kuhamisha, na kama hoteli ina haki ya kununua kabla ya mtu mwingine. Kisha omba ofisi ya wanachama ikupe taarifa ya akaunti kwa maandishi. Deni dogo la miaka miwili iliyopita linaweza kuzuia uhamisho mzima.

Sasa piga hesabu ya ada, kwa sababu ada ndiyo inayokuumiza. Pesa ya kununulia ilishakwenda. Chukua mfano wa ada ya shilingi 45,000 na miaka 12 iliyobaki. Isipopanda kamwe, utalipa 540,000. Ikipanda asilimia 5 kila mwaka, utalipa zaidi ya 716,000. Ada hii huja ulale usilale. Kwa familia ya Kisumu yenye wiki Diani, safari ya barabara peke yake ni zaidi ya kilomita 800 kwenda, na shule hazifungwi kwa kufuata nambari ya wiki yako. Ndiyo maana wiki hupita bila mtu kulala, huku bili ikifika kwa wakati.

Kwa hiyo jaribu kurudisha kabla ya kuuza. Wengi huanza na soko kwa sababu wanatamani kurejesha walicholipa, halafu wanapoteza miaka miwili ya ada wakimngoja mnunuzi asiyekuja. Ukitoka bila kupata hata senti, bado umeokoa zile laki tano au saba.

Omba kurudisha mwezi wa Septemba au Oktoba, kama mwaka wa ada wa hoteli yako unaanza Januari. Ukiomba Februari, watakuambia ulipe mwaka mzima kwanza. Barua iende ofisi ya wanachama au kwa mkurugenzi. Idara ya mauzo itakualika tu kwenye kikao cha kukupandisha daraja. Eleza kwa ufupi kwamba huwezi kuitumia tena (umri, afya, kustaafu, kuhama), kwamba akaunti haina deni, na kwamba uko tayari kuiachia bila kudai malipo. Hoteli hukubali kwa urahisi zaidi wiki ya Desemba au Agosti, kwa kuwa inaweza kuuza chumba hicho mara moja. Wiki ya Mei, mvua za masika zikiwa zinanyesha, itahitaji kitu cha kuwavuta: toa ada ya mwaka mmoja kama bei ya kuachiliwa. Kwenye mfano wetu ni 45,000 dhidi ya 540,000, na hiyo ni biashara nzuri kwako. Wakitaka miaka mitatu, kataa kwanza.

Wakikubali, usiridhike na barua pepe ya "tumepokea ombi lako". Dai hati iliyotiwa sahihi na pande zote mbili inayosema mambo matatu: umerudisha haki zako zote, kuanzia tarehe fulani hudaiwi ada yoyote, na salio lako ni sufuri. Kama ulikuwa na ukodishaji uliosajiliwa, kurudisha huko nako kusajiliwe ardhi kupitia wakili. Bila hivyo jina lako linabaki pale. Agizo la malipo ya kila mwezi benki lisimamishe baada ya kupata hati, si kabla. Kuacha kulipa kimyakimya huzaa faini na barua za mawakili. Na kama ulikopa benki ili ununue, mkopo huo ni mkataba mwingine kabisa: hoteli ikikuachilia bado unadaiwa na benki, na ukiuacha utaorodheshwa CRB, ofisi ya kumbukumbu za wakopaji.

Hoteli ikikataa, ndipo uuze. Bei usiitoe kwenye risiti yako ya zamani. Piga simu hotelini kama mgeni wa kawaida, uulize chumba cha ukubwa huo, wiki hiyo hiyo, ni pesa ngapi kwa usiku. Zidisha mara saba, utoe ada ya mwaka. Chumba kikiwa 16,000 Desemba, wiki ni 112,000. Toa 45,000, mnunuzi anaokoa 67,000 kwa mwaka. Wiki ya Mei kwa 9,000 ni 63,000, akiba 18,000 tu. Zidisha akiba hiyo kwa miaka mitatu, si zaidi, kwa sababu ada hupanda na hakuna ajuaye vyumba vitatunzwa vipi. Unapata 201,000 kwa Desemba na 54,000 kwa Mei. Akiba ikitoka sufuri au chini yake, huna cha kuuza. Rudi kwenye barua ya kurudisha na uongeze dau.

Mnunuzi bora ni anayelala hoteli hiyo tayari. Anza na wanachama wenzako, maana huenda mmoja anataka wiki ya pili iungane na yake. Kisha makundi ya WhatsApp ya sacco, chama na kanisa; chama cha watu wanne wanaosafiri kwa zamu huona faida haraka kuliko familia moja. Tangazo litaje nambari ya wiki, idadi ya vitanda, mwaka wa mwisho, na ada. Ukificha ada, atakimbia akiisoma kwenye mkataba, nawe umepoteza mwezi. Unapongoja, uliza kama mkataba unaruhusu kupangisha wiki kwa mgeni. Kodi ya wiki moja yaweza kulipa ada ya mwaka huo.

Malipo yaende hivi: hoteli ithibitishe kwa maandishi kwamba inakubali uhamisho na ada yake ni kiasi gani, mkubaliane nani anailipa, pesa ya mnunuzi ikae kwa wakili, jina libadilishwe, ndipo wakili aachilie pesa. Ukodishaji uliosajiliwa una ushuru wa stempu pia, asilimia 4 ndani ya miji na 2 mashambani.

Jihadhari sana na simu hii: "Tuna mnunuzi Dubai, analipa milioni moja, tuma 38,500 za uhamisho kwanza." Walipata jina lako kwenye orodha ya wamiliki. Ukituma, kesho itakuja ya kodi, kesho kutwa ya bima, na mwishowe mtu mwingine atajitolea kukurudishia ulichoibiwa, kwa malipo ya mbele. Dalali wa kweli hukata kamisheni baada ya mauzo. Akitaja wakili, tafuta jina hilo kwenye orodha ya mawakili ya Chama cha Wanasheria cha Kenya, upige nambari uliyoipata huko. Ukiwa umeshatuma kwa M-Pesa, peleka ujumbe wa muamala kwenye 456 dakika hiyo hiyo, kwa kuwa pesa hurudi tu ikiwa bado haijatolewa, kisha uandikishe polisi upate nambari ya OB (kitabu cha matukio).

Muuzaji akikataa kurudisha pesa za mkataba ulioufuta kwa wakati, Mahakama ya Madai Madogo, iliyopo Nakuru na Kisumu, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Unaweza kujiwakilisha, na sheria inataka uamuzi ndani ya siku 60 tangu kesi ifunguliwe. Peleka mkataba, barua yenye muhuri, risiti na taarifa ya M-Pesa, zikiwa zimepangwa kwa tarehe. Malalamiko mengine yapelekwe Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

Ukishatoka, hati ya kuachiliwa na taarifa ya salio sufuri zitunze kwa angalau miaka 6, kwa kuwa huo ndio muda ambao dai la mkataba linaweza kufikishwa mahakamani. Mpe nakala mtu wa pili nyumbani, ili bili ikija kimakosa wewe ukiwa hupo, awe na cha kuwaonyesha.