Chungu cha umeme cha kupika polepole: kazi yote iko kabla ya kufunika

Assalaam aleikum dada zangu, na nyinyi kaka mnaopika kimyakimya mkasingizia wake zenu. Mmeniuliza mara nyingi kuhusu hiki chungu cha umeme, basi leo nawapa somo lote kwa mara moja.

Msikichanganye na presha kuka. Presha huikimbiza nyama nusu saa ikaiva. Hiki huilalia mchana kutwa. Kina ganda la nje lenye waya wa moto ubavuni, chungu cha kauri kinachotoka, na kifuniko cha kioo. Swichi ni ya kuzungusha: LOW ni moto mdogo, HIGH umezidi kidogo, na WARM ni ya kukiweka moto chakula kilichokwisha kuiva. WARM haipiki. Kuna jirani yangu aliisubiri WARM tangu asubuhi hadi magharibi, akaja kwangu kulalamika kwamba mashine mbovu.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Wali ukikaribia kukauka, bibi zetu walipunguza makaa chini, wakapalia juu ya kifuniko, wakaenda zao kusali. Hata aliyekibuni chungu hiki, Irving Naxon wa Marekani, aliyepata hataza yake mwaka 1940, alikitoa katika hadithi ya mamake: huko Lithuania, Wayahudi walikuwa wakipeleka chungu cha maharage na nyama kwa mwoka mikate kabla ya Sabato, kikalala usiku kucha ndani ya tanuri linalopoa.

Tuanze na mchuzi wa nyama, maana ukiuweza huo mengine utayaweza. Changu ni cha lita 3.5, kinatosha watu watano.

Hatua ya kwanza ni usiku. Kata nyama ya ng'ombe kilo moja, ya mfupa au ya bega. Usinunue steki, nyama laini hapa huwa makapi, ile ngumu yenye mishipa ndiyo hulainika ikatoa utamu. Twanga thomu na tangawizi, paka na chumvi na ndimu, tia kwenye friji. Menya mbatata nne uziache ndani ya maji.

Hatua ya pili ni asubuhi, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanatupa kila kitu ndani kibichi, halafu wanashangaa mchuzi una ladha ya maji ya hospitali. Washa gesi, kaanga vitunguu viwili mpaka viwe rangi ya kahawa, tia bizari ya mchuzi, bizari nzima na kijiti cha mdalasini, harufu ikipanda tia tungule tatu. Zikishavunjika, geuzageuza nyama humo mpaka ibadilike rangi. Dakika kumi na tano, hazizidi. Chungu hiki hakina moto wa kukaanga, na kitunguu kibichi kikichemka saa nane bado ni kitunguu kilichochemka.

Hatua ya tatu, panga. Mbatata zikae chini kabisa na pembeni, karibu na moto, kwa sababu hapa viazi na karoti huchelewa kuiva kuliko nyama. Nyama juu yake. Maji kikombe kimoja, basi. Najua mkono utakuwasha kuongeza. Kwenye sufuria mvuke hutoroka, humu hugonga kioo ukarudi, na nyama yenyewe itatoa maji yake. Chungu kijae kati ya nusu na robo tatu.

Hatua ya nne, funika, zungusha LOW, uende kazini. Ukiwasha saa moja asubuhi, saa tisa alasiri kimeiva, watoto wakitoka shule kabla ya madrasa wanakuta chakula. Kwa HIGH huchukua muda wa kama saa nne au tano. Na usifunue! Kila ukifunua kuchungulia, joto lililojikusanya latoka lote, nawe umejiongezea karibu nusu saa.

Mwisho tia dania iliyokatwa na ndimu. Ukiona mchuzi mwepesi, ponda mbatata mbili humo humo ukoroge.

Supu ya mifupa yafuata njia hiyo hiyo, ila maji zaidi na saa kumi. Kuku wa kienyeji pia hupendeza. Samaki usimtie, atasambaratika. Wali wa kuchambuka nao usihangaike nao humu.

Sasa maswali yenu.

Dada wa Likoni: Umeme je? Saa nane si tokeni zote zitakwisha?

Angalia chini ya chungu, pameandikwa wati. Changu ni wati 200. Mara saa nane ni wati-saa 1,600, yaani yuniti moja na nusu na kidogo, kwa hesabu ya juu kabisa. Birika la umeme la wati 2,000 hula kiasi hicho kwa dakika 48.

Mama wa Kisauni: Nilitia maharage mekundu usiku, asubuhi bado magumu, na mtoto aliyeyala akatapika.

Pole sana mamangu, na wengine wote someni hapa. Maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo huvunjwa na maji yanayotokota, na moto wa LOW unaweza usifike huko. Roweka usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha kwenye gesi kwa maji mapya yanayotokota sawasawa dakika 10 kamili. Mimi huachia nusu saa. Yamwage na hayo, ndipo utie chunguni. Tungule na ndimu zingoje mpaka yalainike, kwa kuwa uchachu huyafanya yakatae kuiva. Pojo hazina kesi hiyo.

Shoga wa Majengo: Mbaazi za nazi zangu zilikatika tui, zikawa vipande vipande.

Ulitia tui zito tangu mwanzo. Pikia tui la pili, lile jepesi. Tui zito lingoje nusu saa ya mwisho, kisha koroga taratibu.

Kaka wa Bamburi: Umeme ukikatika nikiwa kazini?

Ukiwa nyumbani, hamishia kwenye sufuria umalizie na gesi. Sufuria, narudia: chungu cha kauri hakipandi juu ya moto. Changu cha kwanza nilikiua kwa njia nyingine, nilikitoa kikiwa moto nikakifungulia maji ya bomba, kikalia ta! vipande viwili.

Ukiwa mbali, acha umechomeka saa ya umeme ya tarakimu, au angalia ile ya maikrowevu. Ukirudi uikute inapepesa sufuri, umeme ulikatika. Kama chakula kilikuwa hakijaiva na hujui kilikaa muda gani bila moto, kimwage. Kwa joto letu la Mombasa, nyama vuguvugu haina subira. Harufu nzuri isikudanganye.

Dada wa Tudor: Nyama ikiwa barafu nitie hivyo hivyo?

La. Itakaa vuguvugu muda mrefu kabla haijapata moto, na hapo ndipo vijidudu huzaana. Iyeyushie ndani ya friji tangu usiku. Na kiporo usikipashie humu, pasha kwenye gesi.

Mama wa Changamwe: Mwanangu ameniletea kimoja kutoka Marekani, naweza kuchomeka?

Geuza usome kwanza. Kikiandikwa volti 120, usikichomeke kwenye ukuta wetu wa 240 hata kwa adapta ya pini. Adapta hubadilisha umbo la pini tu. Kitataka transfoma inayobeba wati zaidi ya za chungu.

Dada wa Likoni tena: Na daku?

Ndiyo raha yake. Washa baada ya taraweh, saa nne usiku ukiwa na kunde zilizorowekwa na kuchemshwa kidogo. Saa kumi wanaamka, wewe unapakua tu. Weka sahani mezani kabla ya kulala, maana saa hiyo kabati hupiga kelele.