Kuusikiliza Mtaa wa Uhuru: mwongozo kwa mgeni wa dansi

Kabla hujaweka mguu Kariakoo, amua kwanza wewe ni wa nani kati ya bendi mbili kongwe za dansi za Dar es Salaam, muziki wa magitaa na tarumbeta: Msondo au Sikinde. Usiniambie unazipenda zote mbili. Jibu hilo ni la wanasiasa, na ukilitoa kwenye baraza la wazee wa mjini watakumiminia kahawa, watakujulia hali, kisha wataendelea na bao lao.

Mimi ni fundi wa redio na amplifaya, Ilala. Upande wangu nimeurithi kwa marehemu baba, Msondo damu damu. Mjomba alikuwa Sikinde, na kila shughuli ya ukoo, pilau ikishaliwa, walikuwa wakigombania redio kaseti. Vijana wanaokuja dukani kuniuliza habari za dansi la zamani hutaka niwape tarehe. Tarehe nawapa, lakini huwa naanza na huo ugomvi, kwa sababu ndio uliojaza kumbi za mji huu. Wasiokuwa na upande walibaki nyumbani wamelala.

Haya, tarehe zenyewe. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadili jina, bendi nayo ikabadilishwa: Juwata, kisha OTTU, leo Msondo Ngoma. Wapiga muziki walikuwa waajiriwa na vyombo vilikuwa mali ya chama. Mlimani Park Orchestra ilizaliwa 1978 kwenye baa ya Mlimani Park, upande wa Chuo Kikuu, na wengi wa waanzilishi wake walichomolewa Juwata na bendi ya Dar International. Mwaka 1983 ikachukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC, ikawa DDC Mlimani Park, na Kariakoo pakawa kwao. Sikinde ni mtindo wao. Msondo na sikinde zote ni ngoma za Wazaramo, kwa hiyo ukitazama vizuri hawa ni ndugu wa nyumba moja.

Sasa andaa masikio, na anza siku kadhaa kabla ya safari. Wimbo wa dansi wa wakati huo una sehemu mbili, na anayeusikiliza nusu hajausikia. Kwanza wanakuja waimbaji, taratibu, na kisa: mume mlevi, shemeji mwenye maneno, mtoto aliyewasahau wazazi. Halafu waimbaji wanapunguza maneno, magitaa yanashika usukani, tarumbeta na saksafoni zinaingia, mwendo unabadilika. Hapo ndipo kwenye chemko. Mgeni husikiliza solo peke yake kwa kuwa ndiyo inayolia juu. Wewe tafuta gitaa la pili, lile linalozunguka chini yake bila kuchoka. Ukishalipata, besi na tumba utaziona zilivyojipanga. Tumia spika yenye kifua. Kwa spika ya simu, besi ya Sikinde haipo kabisa, na mtu asije akaniambia ameisikia.

Zoezi ninalowapa vijana ni kufuata sauti moja. Chukua ya Muhidin Maalim Gurumo, Mzaramo wa Kisarawe. Alipitia Kilwa Jazz, akaingia NUTA mwaka 1964, akawa miongoni mwa waliokwenda Mlimani Park 1978, akahamia Orchestra Safari Sound 1985, mwishowe akarudi Msondo. Alifariki Aprili 2014. Panga nyimbo zake kwa kufuata njia hiyo, usikilize jinsi bendi inavyobadilika nyuma ya sauti ile ile. Kisha fanya hivyo hivyo na Hassan Rehani Bitchuka, aliyevuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili mara nyingi kiasi kwamba baba yangu aliacha kumkasirikia. Waimbaji walisajiliwa kama wachezaji wa mpira, na mashabiki waliumia vilevile.

Ukipewa kanda ya zamani usiitumbukize mashineni kwa pupa. Kwanza tazama kisponji kidogo kinachoukandamiza mkanda kwenye hedi, kile kichwa cha mashine kinachousoma. Kikiwa kimeng'oka, sauti itafifia upande mmoja. Zungusha mkanda kwa penseli mbele kidogo na nyuma kidogo ili uachane, maana ukikaa miaka hugandana. Safisha hedi kwa spiriti na pamba. Kanda nyingi za mtaani zilinaswa redioni. Bendi zilirekodi Radio Tanzania, pale Barabara ya Pugu ambayo leo ni ya Nyerere, bendi nzima kwa pamoja, na watu walikaa nyumbani kidole kikiwa juu ya kitufe wakingoja mtangazaji amalize maneno yake. Ndiyo maana nyimbo nyingi zinaanza katikati ya neno. Na ukisikia Gurumo ana sauti ya mtoto, ujue mashine iliyonakili ilikuwa na mota mbovu. Punguza kasi mpaka arudi kuwa mtu mzima. Santuri ni habari nyingine: nyingi za wanamuziki wetu zilitengenezwa Nairobi, na leo wenye nazo wanajua bei yake kuliko wewe.

Twende kutembea. Chagua Jumapili asubuhi. Jumamosi Kariakoo ni ya mikokoteni na mizigo, na wewe utakuwa kikwazo. Simu iweke mfuko wa mbele.

Anza Mnazi Mmoja, kwenye ukumbi wa Anatoglo. Jina ni la George Arnautoglou, Mgiriki tajiri wa mkonge aliyetoa fedha za kuujenga wakati wa mkoloni. Simama hapo ukiangalia upande wa Kariakoo. Uwanja ulio mbele yako uliachwa wazi makusudi kuutenga mji wa Waafrika na mji wa wengine, na watu wakaugeuza mahali pa kukutana. Ushindani ninaokuambia ulikuwepo hata kabla ya magitaa. Baada ya vita kuu ya kwanza mji huu ulikuwa na ngoma ya beni, watu wakijipanga kijeshi na tarumbeta, Marini upande huu na Arinoti upande ule. Dansi lilipoingia, Dar es Salaam Jazz Band ikaanza mwaka 1932, na wapenzi walikuwa tayari wamezoea kugawanyika. Kwenye taarabu ilikuwa vivyo hivyo: vikundi vya Egyptian na Al-Watan. Kwenye mpira sina haja ya kusema, ila ukishika Msimbazi utaliona jengo la Simba, na Yanga wako Jangwani, mwendo wa miguu tu.

Ingia Mtaa wa Uhuru. Wazee bado watakuambia Kichwele, na ukilitumia jina hilo unapata heshima ya bure. Tembea upande wa kivuli, polepole, ukiwaza watu waliohamia mitaa hii miaka ya hamsini kutafuta kazi. Waliotoka Tabora na Nzega wakaunda Western Jazz mwaka 1959, jina likitokana na jimbo lao la Magharibi, na mtindo wao ukaitwa Saboso. Watu wa kusini nao walikuwa na Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande. Mtu wa bara aliyekuwa kibarua bandarini alikuwa na bendi yenye jina la kwao, na wikendi alikwenda kuitetea. Kwa maoni yangu, hizo mbili ndizo zilizowafundisha Msondo na Sikinde kutambiana, ingawa wapo watakaokubishia mpaka magharibi.

Kata kulia uingie mitaa ya ndani ya Kariakoo. Huku ndiko alikokulia Marijani Rajab, Jabali la Muziki, wa Safari Trippers na baadaye Dar International. Alifariki 1995, na miaka yake ya mwisho alikuwa akiuza kanda papa hapa Kariakoo. Nakumbuka watu wakinunua bila kumtambua muuzaji. Memphis, kule Marekani, mtaa wao wa Beale una sanamu ya W.C. Handy, mwanamuziki wao wa blues, na majina ya wanamuziki yamechongwa chini kwa shaba. Kwetu utakuta duka la mapazia. Usipoteze muda kutafuta kibao. Tafuta mtu mwenye mvi aliyekaa nje ya duka la mapazia.

Namna ya kumuuliza ndiyo kazi yenyewe, na hapa wengi wanaharibu. Shikamoo kwanza, kwa kila mmoja aliyepo barazani. Akipita muuza kahawa, agiza ya wote na kashata. Simu ya kurekodi ibaki mfukoni mpaka mtu mwenyewe aanze kuimba. Usiseme "naomba unieleze historia ya muziki", kwa sababu atakupa hotuba kama ya mgeni rasmi. Sema: "Mzee, hawa wanasema Sikinde ndiyo ilikuwa kiboko, ni kweli?" Kisha nyamaza. Anayekubali na anayekataa wataanza kujibizana, na humo ndimo utapata majina ya wapiga besi, kumbi zilizokufa, nani alimhama nani na kwa ahadi gani.

Wakishachangamka, uliza vitu vya kushika. Kiingilio kililipwaje, mlangoni nani alikuwa mkali? Mlivaa nini? Utasikia habari za bugaluu, suruali pana chini, na raizoni, viatu vya soli nene. Uliza habari za bugi, madansi ya mchana ya vijana wa shule, na hapo utamwona mzee mwenye tasbihi akicheka peke yake. Waliokuwa vijana wakati huo waulize habari za Operesheni Vijana iliyoanza Januari 1969, nguo fupi na suruali za kubana zikawa kosa, na Novemba mwaka huo huo soul, muziki wa Wamarekani weusi, ikapigwa marufuku mjini. Wengine watakuambia lilikuwa jambo jema. Usibishane, andika.

Wanawake usiwasahau. Uliza akina mama walioingia ukumbini wakiwa na waume zao, na hasa waulize walioingia bila waume zao. Mama mmoja mteja wangu anajua mashairi ya Mlimani Park kuliko mtangazaji yeyote, kwa sababu, anasema, visa vile vilikuwa vya majirani zake. Muite mama au bibi kwa umri wake, mpelekee kitu mkononi, na usiende wakati wa kupika.

Ukiwa na nguvu bado, rudi Uhuru ufuate barabara hadi Ilala, upite Amana. Kipande hiki hakina mengi kwa mwenda kwa miguu, jua ni kali na bajaji hazina adabu. Vijana wangu hupenda kumalizia Manzese na Tandale kusikia singeli. Waende. Singeli inakimbia mno kwa moyo wangu, lakini ukisikiliza MC anavyousifia mtaa wake na kuuponda wa jirani, unamsikia shabiki wa Marini yule yule. Na mwenye hamu ya mwanamuziki Remmy Ongala apande daladala ya Sinza amwambie konda "kwa Remmy", kituo kina jina lake.

Usiku nenda ukumbini. Msondo na Sikinde bado zinapiga, ratiba zao ziulizie wiki hiyo hiyo, maana ratiba za mwezi uliopita hazina kazi. Usikae mbele ya spika. Nakuambia kama fundi. Kaa ubavuni, mahali unapomwona mpiga gitaa la pili. Nusu ya kwanza ya wimbo ni ya mazungumzo na soda, lakini chemko likianza na wewe umekaa, utaonekana umetumwa na upande wa pili. Weka noti ndogo ndogo mfuko wa shati kwa ajili ya kutunza. Mwimbaji akiimba kisa kinachokuhusu, nyanyuka kwa kucheza, usikimbie, mpe noti mkononi au uibandike kipajini, rudi kwa kucheza vilevile. Usimtunze wakati wa solo ya gitaa. Hapo mwenye haki ni mpiga gitaa.

Dansi linaisha usiku sana. Bodaboda mpatane bei kabla hujapanda.