Somo: Namna ya kutoa maoni juu ya picha ya mwenzako bila kumpotosha

Ndugu wanakikundi, salaam. Tangu tuanze kuonyeshana picha hapa Kigoma nimeulizwa swali moja mara nyingi mno, stesheni, sokoni, hata ndani ya boti ya kwenda Gombe: "Niandike nini chini ya picha ya mwenzangu?" Naliandikia somo leo, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa. Anayeandika "kali sana" kisha akaondoka simlaumu, maana huyo amesalimia tu. Somo ni la anayetaka mwenye picha apate kitu cha kufanyia kazi.

Hatua ya 1. Hakikisha mwenye picha ameomba maoni.

Hatua ya 2. Ingia kivulini, ongeza mwanga wa kioo cha simu, kisha ifungue picha kwa ukubwa wake wote.

Hatua ya 3. Andika unachokiona kabla ya kuandika unachokitaka. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha maneno. Kijana mmoja alituonyesha picha aliyoipiga usiku Kibirizi, wavuvi wa dagaa wakiwa ziwani na taa zao, na kila taa ilikuwa imechora mstari uliojipinda juu ya maji meusi. Nikamwandikia aya ndefu yenye majivuno: mkono wako umetetemeka, tafuta stendi ya kamera, ongeza kasi ya shata (pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga). Alinijibu kwa neno moja, "Asante," na hakuleta picha nyingine kwa miezi kadhaa. Baadaye nilipoifungua tena kwa utulivu niliona nguzo za gati upande wa kushoto zikiwa kali kabisa, hata kamba iliyofungwa kwenye nguzo ikihesabika misokoto yake. Kamera haikutikisika hata kidogo. Alikuwa ameiweka juu ya stendi na kuiacha shata wazi kwa sekunde nane kwa makusudi, ili mawimbi yaziyumbishe mitumbwi na taa zijichore zenyewe. Nilimsahihisha kwa kosa ambalo hakulifanya, kwa sababu nilikuwa nikiitafuta picha ambayo ningeipiga mimi.

Tahadhari tatu zinafuata hapo. Usianze na neno "ungefanya" kabla hujaandika angalau sentensi mbili za kile kilichomo ndani ya fremu. Jambo likikushangaza, uliza kama lilikusudiwa kabla ya kuliita kosa. Na usimshauri mtu arudie kitu kisichorudiwa, kwa kuwa mtoto aliyecheka jana pale mtaani Mwanga hatacheka vilevile kwa ajili ya maoni yako.

Hatua ya 4. Taja tatizo pamoja na mahali lilipo, kwa mfano "jicho langu linakimbilia ndoo nyekundu iliyo kona ya chini," badala ya "mpangilio haujakaa vizuri."

Hatua ya 5. Toa pendekezo moja linalotekelezeka, likiambatana na sababu yake. Sisi jua letu huzama ng'ambo ya ziwa, nyuma ya milima ya Kongo, na kila mtu humsimamisha mwenzake akiwa ameyapa maji mgongo, sura hutoka nyeusi, na chini yake tunaandika "mwanga mbaya." Mwanga haukuwa na ubaya wowote. Kamera ilipima fremu nzima, na kwa kuwa sehemu kubwa ilikuwa anga linalong'aa, ikapunguza mwanga mpaka ule mng'ao ukakaribia kijivu cha katikati, kilicho kati ya nyeusi na nyeupe, na uso ukazama. Mwambie aguse uso kwenye kioo ili simu ipimie hapo, akubali kwamba anga litapauka, au amgeuze mtu alitazame ziwa. Kinyume chake hutokea kwenye dagaa walioanikwa mchangani: ukimhimiza mtu aongeze mwanga ili nyuso za waanikaji zionekane, dagaa wanaweza kuungua wakawa doa jeupe, na sehemu iliyoungua hivyo haina cha kurudisha hata ukiipunguza mwanga baadaye.

Hatua ya 6. Taja pia kilichofanikiwa, na useme kwa nini.

Maswali ya wanakikundi

Swali: Mkuu, kwa hiyo nikikutana na picha mbaya niandike nini?

Jibu: Hatua ya 3 na ya 4. Tafadhali zisome.

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mgeni kwenye kamera. Nitatofautishaje picha iliyotikisika na ile ambayo fokasi (mahali lenzi inapoweka ukali) imekosea, ili nami nisimsingizie mtu?

Jibu: Marahaba, binti yangu, na ahsante kwa kuuliza. Tafuta kwanza kama kuna kitu chochote kilicho kikali ndani ya fremu. Kama hakuna, na ukungu wote umevutwa kuelekea upande mmoja, kamera ndiyo iliyotikisika. Kama uso umefifia lakini majani yaliyo nyuma yake yanahesabika, fokasi imeangukia nyuma. Kama vyote vilivyotulia ni vikali na kilichofifia ni mkono wa mvuvi anayerusha wavu, basi ni mwendo wa mkono wenyewe, na shata ya 1/500 ya sekunde ingeugandisha iwapo mpigaji alitaka ugande. Usiku ziangalie taa: zote zikichora umbo moja, kamera imesogea, kila moja ikichora umbo lake, zimesogea taa zenyewe. Laiti ningelijua hilo kabla ya ile aya yangu.

Swali: Mbona wewe mwenyewe uliandika kwamba picha yangu ya meli ya Liemba imepinda, bila kuniuliza nilikusudia nini?

Jibu: Niliandika kwamba mstari ulio chini ya meli unashuka kuelekea kulia, na huko ni kueleza ninachokiona. Sikuiita picha mbaya.

Swali: Ule ni ukingo wa gati, nami nilisimama pembeni yake. Lazima ushuke.

Jibu: Nimeirudia. Nguzo ya taa iliyo nyuma imesimama wima, kwa hiyo kamera ilikuwa sawa na ukingo unashuka kwa sababu ya pembe uliyosimama. Umenishinda, kaka. Wengine wazingatie: upeo wa ziwa ukiwa haujaonekana, pimeni kwa nguzo na kuta, msitumie ukingo wa ufukwe.

Swali: Natoka kidogo nje ya mada. Picha zangu zikifika WhatsApp zinapoteza ukali. Mnazihukumuje zikiwa hivyo?

Jibu: Hujatoka nje ya mada, maana nusu ya maoni yetu yanahusu picha iliyokwisha kubanwa. Itume kama hati, usiitume kama picha. Itafika bila kubanwa, pamoja na taarifa zake za shata na ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga). Ile ya Kibirizi ingeletwa hivyo ningezikuta sekunde nane zimeandikwa. Ila taarifa hizo hubeba pia mahali ulipopigia kama simu yako inarekodi, kwa hiyo picha za nyumbani na za watoto zizimie kipengele cha mahali katika kamera ya simu kabla hujazipiga.