Somo: Kupima Orient Kamasu na Seiko SPB143 kabla hujatoa hela

Wakuu, wiki mbili nimekaa na saa mbili za otomatiki za kupigia mbizi: Orient Kamasu yangu, na Seiko SPB143 ya shemeji. (Msicheke, Kamasu si kamasi. Ni samaki kwa Kijapani, yule tunayemwita mzia.) Seiko ilitoka 2020 kwa dola 1,200 huko Marekani, Orient kwa kawaida haifiki 300. Zote zina kioo cha safaya, hapo sina la kuongeza.

1. Soma uso. Zote ni za mita 200, ila Seiko imeandikwa DIVER'S 200m, yaani imefuata kipimo cha ISO 6425 cha saa za wapiga mbizi. Orient haina neno hilo. Ziwa letu la Victoria, penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80, kwa hiyo maandishi hayo peke yake yasikutoe hela.

2. Kagua kifundo cha pembeni. Hukazwa kama kizibo cha chupa. Mwaka jana nilirekebisha tarehe asubuhi, nikasahau kukaza, mchana nikawasaidia jamaa kuvuta mtumbwi pale Mwaloni Kirumba. Jioni naangalia, ukungu umetanda chini ya kioo, tarehe haisomeki. Fundi akaifungua, akaikausha, akabadili mipira ya kuzuia maji. Siku hizi nikishakaza naigusa tena kwa kidole gumba, hata nikiwa kitandani.

3. Pima muda. Ilinganishe na simu saa mbili usiku, andika tofauti kila siku saa hiyohiyo, siku 7. Yangu ilikwenda mbele sekunde 8 kwa siku, ya shemeji 11. Alinuna! Lakini saa yake haina kosa: watengenezaji wote wawili wanaruhusu kuwahi sekunde 25 au kuchelewa 15 kwa siku.

4. Pima akiba, yaani saa inatembea muda gani ukiivua. Hapa ndipo hela ya shemeji ilipokwenda. Jaza zote kabisa kwa kuzungusha kifundo, ziweke mezani Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Orient ina saa 40, italala Jumapili kwenye saa nne asubuhi. Seiko ina 70, inakufikisha Jumatatu saa kumi jioni. Kama saa yako ni ya kazini tu, kila Jumatatu utakuwa unairekebisha Orient.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, naweza kuoga nayo maji ya moto?*
Ivue. Joto na sabuni huchosha ile mipira.

*Yangu ilikuwa sawa, ghafla inawahi dakika kadhaa kwa siku. Imekufa?*
Unailaza wapi usiku?

*Juu ya spika ya redio.*
Ndiyo hiyo. Imeshika sumaku. Mpelekee fundi mwenye kifaa cha kuitoa, ni kazi ya dakika chache.

*Saa za elfu ishirini za mtaani nazo zimeandikwa 200m, mbona?*
Wino ni rahisi, ndugu yangu. Usiingie nayo majini.

*Ungekuwa mimi ungechukua ipi?*
Kwa anayeivaa kila siku, Kamasu. Shemeji alivaa yangu juzi kwenye kivuko cha Kamanga, mpaka leo hajairudisha.