Robo ya Maji, Kila Jumamosi Asubuhi

Wiki iliyopita kijana wa jirani, hapa hapa Makorora, Tanga, alinikuta cherehani ameshika mfuko wa plastiki wenye samaki wawili waliokufa. "Shangazi, maji nabadilisha yote kila baada ya siku mbili, safi kabisa. Mbona wanakufa?" Nikamwambia wanakufa kwa sababu hiyo hiyo: unabadilisha yote.

Kosa hilo nalijua kwa uchungu. Mwaka wa kwanza wa kufuga samaki wa mapambo kwenye tangi la kioo, siku ya kuamkia Idi, nilimwaga tangi zima, nikasugua vioo, nikaosha kokoto na sponji ya chujio kwenye bomba mpaka maji yakatoka meupe. Idi mosi wageni waliwakuta samaki wanahema juu juu, midomo nje ya maji. Idi pili walibaki watatu kati ya kumi na mmoja.

Samaki hutoa amonia, nyingi kupitia matamvua, na chakula kilichobaki kikioza huongeza nyingine. Hiyo ni sumu. Ndani ya sponji na kwenye kokoto wanaishi bakteria wanaoigeuza kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia isipozidi. Ukiosha sponji kwa maji ya bomba yenye klorini, dawa ya kuulia vijidudu, unawaua wasaidizi wako. Lakini nitreti nayo hujilimbikiza. Mimea hula kidogo. Iliyobaki haitoki mpaka uiteke kwa ndoo. Na kuongezea maji yaliyopungua kwa joto si kubadilisha, kwa sababu maji hupaa na nitreti inabaki.

Kwa hiyo: robo ya maji, mara moja kwa wiki. Kujua robo yako, zidisha urefu, upana na kimo cha maji kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000. Hizo ni lita. Langu ni 60 kwa 30, maji yanafika sentimita 35, yaani lita 63. Ukitoa nafasi ya kokoto, robo ni kama lita 15: ndoo ya lita 20 isiyojaa.

Ndoo naijaza Ijumaa asubuhi na kuiacha wazi hadi kesho yake ili klorini itoke. Kama maji yametiwa kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, kusubiri hakusaidii. Tumia dawa ya wafugaji wa samaki inayoondoa klorini na kloramini pia. Masika maji yakija na tope, naiacha siku moja zaidi litulie chini, kisha nateka ya juu tu. Na usichote mchana kutoka tangi la juu ya paa. Saa nane jua la Tanga limeshayafanya maji hayo moto, na samaki hawezi mabadiliko ya ghafla. Tia mkono kwenye ndoo, kisha kwenye tangi. Ukisikia tofauti, subiri.

Maji ya kisima yanahitaji uangalifu wake. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya chokaa ya matumbawe, na visima vingi vina maji magumu. Vya karibu na bahari vina chumvi pia. Fua kitambaa: sabuni isipotoa povu, maji ni magumu. Gapi, wale samaki wadogo wenye mikia ya rangi, hupenda maji magumu, wengine hawayawezi. Usihame ghafla kutoka bomba kwenda kisima. Na yale makombe watoto wanayookota ufukweni Raskazone yasiingie tangini kama unafuga samaki wa maji laini, kwani huyeyuka polepole na kuyafanya magumu.

Jumamosi, kabla sijafungua kazi, nazima pampu. Mpira naujaza maji kwanza, naziba ncha moja kwa kidole, nyingine naiingiza ndani ya kokoto, kisha naachia kwenye ndoo iliyo chini. Kwenye kokoto ndipo uchafu ulipo. Utauona unapanda kama vumbi la mkaa. Nasafisha nusu ya sakafu ya tangi wiki hii, nusu nyingine wiki ijayo. Sponji naikamua mara moja kwa mwezi ndani ya ndoo ya maji hayo hayo machafu, kamwe si bombani. Maji mapya namimina kwa kikombe, taratibu, juu ya kiganja.

Wenye samaki wa dhahabu wabadilishe theluthi, kwa sababu wanachafua sana. Kipindi cha kaskazi, Desemba hadi Machi, mimi hufanya mara mbili kwa wiki, ndoo nusu nusu, maana maji ya joto hubeba hewa kidogo. Tangi jipya lina kawaida yake: bakteria huchukua wiki nne hadi sita kuota, hivyo weka samaki wachache, walishe kidogo, na badilisha sehemu ya kumi kila baada ya siku mbili.

Na kama umesafiri, umekuta mwezi umepita bila kubadilisha, usirukie nusu ya tangi. Samaki wamekwishazoea maji yale mabovu; toa sehemu ya kumi kila siku kwa wiki moja, ndipo urudi kwenye robo. Maji unayotoa mwagia asumini, yana mbolea.